Rimu Isiyolia

Wazee waliwaambia shikaneni mikono yaishe. Yaishe! Kana kwamba mume aliyekufa ni sufuria iliyopotea kwenye shughuli ya watu. Habibah aliushika mkono wa Magidu kwa sababu Mzee Fadhul, mwenyekiti wa wauza vipuri wa Jinja na Mbale, alikuwa amemkazia macho, na mwanamke wa Kinubi hamvunjii mzee heshima kadamnasi. Aliushika, akauachia, akaenda zake nyumbani kuosha mkono wake kwa sabuni ya kufulia. Kama kuna mtu alidhani amesamehe, shauri yake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mumewe, Wahab, alikuwa na duka Jinja, kichochoro cha nyuma ya soko, na aliuza kitu kimoja tu: rimu na matairi ya magari ya zamani ya porini. Landrova za enzi za babu, jipu za jeshi, Landkruza zenye pua ndefu. Mwenye gari la namna hiyo, awe anatoka Buwenge au Nakaloke, alijua akifika kwa Wahab hatatoka na gurudumu la kubahatisha. Siku moja Wahab alikwenda Mbale akanunua rimu moja kwa Magidu, rafiki yake wa miaka, ili aikamilishe Landrova yake mwenyewe. Alirudi amefurahi. "Magidu kaniuzia kama ndugu," alimwambia mkewe huku akila. "Hata kugonga hatukugonga."

Sasa sikiliza. Katika biashara hii kuna desturi, na desturi yenyewe ni sheria. Rimu iliyokwisha kutumika hainunuliwi kwa macho, maana rangi ni mwongo mkubwa. Inaning'inizwa kwa mnyororo, inagongwa kwa spana. Ikiwa nzima, inalia kama kengele ya shule. Ikiwa imepasuka, au imepasuka ikachomelewa, inatoa sauti butu, dup, kama umepiga gunia la mahindi. Muuzaji hugonga, mnunuzi husikiliza, na asiporidhika hugonga mwenyewe. Lakini watu hawa wana ugonjwa wao mmoja: rafiki kwa rafiki hawagongi. Kumgongea rafiki chuma chake ni kumwambia mwizi. Basi Magidu alisema, "Kati yangu na wewe tugonge nini?" na Wahab akaona aibu, akaibeba rimu hivyo hivyo.

Haukupita muda, akiteremka mteremko wa Buwenge akiwa na Nasif, mtoto wa jirani yao Rashida, aliyeomba lifti ya kwenda sokoni, rimu ile ilifunguka pale ilipochomelewa. Tairi likachomoka, gari likabingirika. Wakazikwa wote wawili siku moja.

Habibah alilia mbele ya wazee, akasema rimu haikugongwa. Magidu akaapa. Aliapa kwa Mungu, mkono juu, kwamba aligonga na rimu ikalia, na kama kuna kuchomelea, basi Wahab alichomelea mwenyewe baadaye. Maneno ya maiti yaliyopitia mdomo wa mkewe yatashindana vipi na kiapo cha mtu aliye hai? Mzee Fadhul akasema kiapo kimetosha. Mitaani nako wakasema lao: Wahab alikuwa akiendesha kama askari, damu ya Kinubi hiyo, unadhani ingekuwaje? Na Rashida, ambaye alikuwa akikaa na Habibah mkeka mmoja kila alasiri, alikuja hadi mlangoni, shuka la msiba bado liko begani, akasema, "Mumeo kanilia mwanangu." Tangu hapo hawakusalimiana. Milango yao ilitazamana, na kila asubuhi Habibah alifungua duka akaonana na mgongo wa Rashida.

Mgongo ule ndio uliomchoma. Umaskini alikuwa anaujua, ujane aliuzoea. Lakini mumewe, mtu aliyekuwa akigonga hadi rimu za toroli, kuitwa muuaji na mtu waliyekuwa wakila naye sahani moja, hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Rimu yenyewe polisi waliirudisha pamoja na mabaki ya gari. Aliitupa nyuma ya stoo, hakutaka kuiona. Ikalowa mvua, ikapigwa jua, mpaka rangi ikaanza kubanduka. Siku moja alipokuwa akitafuta jeki akaiona, akainama, akasugua kwa kidole. Chini ya rangi palikuwa na mshipa wa kuchomelea, umevimba kama kovu, na katikati ulikuwa umeachia mwanya. Na juu ya ule mshipa, juu yake kabisa, zilikuwapo nukta tatu zilizopigwa kwa chuma, zimekaa kama mafiga. Alama ya Magidu. Kila kitu kilichotoka kwenye yadi yake kilipigwa alama hiyo siku ya kuuzwa. Hata geti lake lilikuwa nayo.

Habibah alikaa chini palepale kwenye matope.

Mwingine angekimbia kwa Mzee Fadhul. Yeye hapana. Angempelekea nini? Magidu angeapa tena, na mtu aliyekwisha kuapa uongo mara moja, mara ya pili huteleza tu. Alitaka kauli itoke kwenye mdomo ule ule ulioapa. Akaifunika rimu kwa gunia, akasubiri. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Na Mungu si Athumani, Magidu akaja mwenyewe.

Alikuja na Landrova fupi ya miaka ya sitini, imepigwa rangi ya kijani mpaka unajiona, lakini chini, lo! Alikuwa ameifunga magurudumu mapana ya kung'aa, ya gari la kisasa. Ilikuwa kama mzee wa msikitini aliyevaa viatu vya mcheza dansi.

"Hajati, assalaam alaykum," alisema, tumbo mbele. "Yaliyopita si ndwele. Nina shida, nawe ndiye daktari."

"Waalaykum salaam, Hajji Magidu. Shida yako naiona tangu ulipokuwa kule barabarani. Ukikata kona rimu hizo zinasugua springi."

Magidu akacheka. "Zinasugua! Na beringi za mbele nimebadilisha mara mbili."

"Rimu hiyo imetoka nje mno, uzito wote unaning'inia kwenye beringi. Gari hili lilizaliwa na miguu myembamba. Utaenda nalo wapi?"

Akaeleza. Mbale kulikuwa na siku ya magari ya zamani. Yangepita mjini kisha yapande mlima wa Wanale, na watu wote wangekuwepo. Mzee Fadhul ndiye angefungua shughuli, na alikuwa anakaribia kuuachia uenyekiti. Magidu aliutaka uenyekiti huo kama mtoto anavyotaka andazi. Lakini waandaaji walikuwa wamesema wazi, gari lisilo na magurudumu ya asili yake halipandi. Na seti nzima ya rimu za asili, tano pamoja na ya akiba, mashariki yote ilikuwa kwa Habibah tu.

"Ninayo," Habibah alisema. Alikuwa nazo nne. Ya tano ilikuwa chini ya gunia.

"Na matairi nitafutie mapana kidogo, basi. Wanale kuna matope."

"Ndiyo maana nakwambia membamba. Tairi pana kwenye matope linaogelea, Hajji. Jembamba linakata, linashuka chini mpaka likanyage udongo mgumu. Chukua saizi ya saba hamsini kumi na sita, meno ya trekta. Na usitazame meno peke yake." Akamwinamisha kwenye ubavu wa tairi moja lililoonekana jipya kabisa. "Ona nambari hizi nne, wiki na mwaka lilipotengenezwa. Hili meno yake mazima, lakini raba imekufa zamani. Likipata joto linapasuka. Sikupi hili."

"Wallahi wewe ni mwaminifu," alisema Magidu.

Habibah alimtazama mdomo ule uliosema wallahi. Uso wake ukatulia kama maji ya mtungini. Akamchagulia matairi bora kuliko yote dukani, na tyubu mpya. Katika hilo hakumdanganya hata chembe.

"Rimu nitazileta mwenyewe Mbale, siku yenyewe, asubuhi," alisema. "Nataka kuzipiga rangi. Na seti nzima hupokelewa mbele ya watu, unajua."

"Najua, Hajati. Karibu sana."

Alipoondoka, Habibah aliitoa ile rimu. Akaisafisha kwa brashi ya waya, akaujaza mwanya kwa fila ya bodi ya kuzibia mabati, akaupiga msasa mpaka mshipa wa kuchomelea ukalala, akazifukia na zile nukta tatu. Akapaka rangi zote tano sawasawa. Zilipokauka, yeye mwenyewe aliyezipaka alilazimika kugonga ili aijue ya mumewe.

Akaweka nadhiri, na nadhiri yake ilikuwa hii: Nitamwambia agonge. Akigonga, mdomo wake utamfunga. Akikataa kugonga, basi apande mlima nayo, na Mungu wa Wahab atazame.

Je, ni haki hiyo? Muulize aliyefiwa.

Siku moja kabla ya safari alivuka kichochoro. Rashida alikuwa akipepeta mchele mlangoni, hakuinua kichwa.

"Kesho naenda Mbale kwa Magidu," Habibah alisema. "Kuna jambo la Nasif litasemwa. Njoo usikie. Salamu yako sikuombi."

Ungo ukasimama. "Nitakuja," alisema Rashida, macho chini, "nikuone ukiaibika kwa mara ya pili."

"Njoo uone."

Wakaenda kwa pikapu iliyobeba rimu, matairi na tyubu, Rashida mbele kando ya dereva, Habibah nyuma juu ya mzigo. Njia nzima hakuna aliyemwuliza mwenzake hata saa.

Yadi ya Magidu iko Mbale upande wa viwandani, na asubuhi ile ilijaa. Wauza vipuri wote walikuwepo, wengine wa Jinja, wengine wa palepale, kanzu na ovaroli zimechanganyika. Landrova ya kijani ilisimama juu ya mawe, miguu imevuliwa. Mzee Fadhul alikuwa kwenye kiti chini ya kivuli cha bati, kofia nyeupe, fimbo mkononi. Mnyororo ulining'inia kwenye boriti, na spana ilikuwa mezani.

Habibah akazipanga rimu tano. "Hizi hapa. Gonga, Hajji."

Magidu akafungua mikono kama mtu anayekumbatia mji mzima. Watu walikuwa wanamtazama, na uenyekiti ulikuwa hatua chache tu kutoka alipo. "Ebo! Mali ya Hajati nigonge? Kati yangu na wewe tugonge nini?"

Maneno yale yale! Neno kwa neno! Habibah akamwambia moyoni: Ndiyo hivyo, mwanaharamu, ndivyo ulivyomwambia Wahab.

"Desturi ni desturi," alisema, na sauti ilimtoka kavu.

"Vijana, fungeni!" Magidu akaamuru. "Na wewe Mzee wangu, leo utakaa mbele nami mpaka Wanale."

Mafundi wakainama, wakaanza kuvalisha tairi rimu ya kwanza. Nadhiri ilikuwa imetimia nusu. Alikuwa amemwambia, naye amekataa. Habibah akamtazama Mzee Fadhul anayejinyanyua kwa fimbo yake, akawaza, huyu naye si ndiye aliyesema kiapo kimetosha? Apande naye. Waende wote wawili, watajua huko juu kona zilivyo. Wallahi aliwaza hivyo, na lilikuwa wazo tamu.

Kisha akamwona Rashida. Alikuwa amesimama getini peke yake, kitambaa kimeumwa kwa meno, macho hayatoki kwenye kiti cha mbele cha Landrova. Kiti kama hicho ndicho alichokalia Nasif siku ile. Na Habibah akatambua kwamba Magidu akifa mlimani leo, atazikwa na kiapo chake kikiwa safi, watu watamlilia, na mgongo ule utaendelea kumtazama kila asubuhi mpaka anaingia kaburini. Kifo kingekuwa zawadi.

Akapaza sauti. "Hajji Magidu! Ya Wahab uligonga. Uliapa mbele ya Mzee huyu huyu kwamba uligonga na ikalia. Mume wangu alikuwa rafiki yako na ukamgongea. Mimi nani mpaka nisigongewe? Au kuna mtu hukumgongea?"

Fundi aliyeshika nyundo akaiweka chini. Mzee Fadhul akageuka taratibu.

"Kweli," mzee alisema. "Kama uligonga ile, gonga na hizi."

Magidu akaitazama spana. Afanyeje? Akikataa, kiapo chake kinanuka. Akachukua spana akicheka kicheko cha meno, akaning'iniza rimu ya kwanza. Ngeee! Ikalia mpaka njiwa wakaruka kwenye bati. Ya pili ikalia. Ya tatu, ya nne. Na alivyokuwa akigonga! Alizungusha, akagonga penye tundu la vali, akagonga ubavu, akatega sikio, akapitisha kidole gumba. Kumbe anajua. Kumbe anajua sana! Mkuki kwa nguruwe. Leo ni ngozi yake, kila inchi ya chuma inasikilizwa. Habibah aliyaona hayo yote, akakunja vidole ndani ya gurbaba, nguo ya Kinubi aliyojifunga, mpaka kucha zikamwingia.

Ya tano.

Dup.

Magidu akasita. Akagonga tena. Dup. Akanusa rangi, akabonyeza, halafu uso wake ukafunguka kwa furaha, maana alidhani Mungu amempa adui mkononi.

"Njooni! Njooni msikie!" alipiga kelele. "Hajati mwaminifu! Rimu hii imepasuka, ikachomelewa, ikafukiwa. Hii ni sanda, si rimu! Mnataka kuniua?"

"Pengine muuzaji hakujua," alisema Habibah.

"Hakujua? Mtu wa kazi hii? Ukigonga mara moja tu unajua. Hata kiziwi angejua!"

"Kwa hiyo aliyeiuza hakugonga."

"Hakugonga, au aligonga akanyamaza. Yote sawa. Mwenye kuuza hii ni muuaji, Mzee, nasema mbele yako. Ni muuaji!"

"Mzee umesikia?" Habibah aliuliza.

"Nimesikia," alisema Mzee Fadhul.

Basi Habibah akatoa kisu na kitambaa kilicholowa petroli. Hakuharakisha. Rangi ikatoka, fila ikatoka vipande vipande, mshipa ukachomoza na mwanya wake. Akasugua zaidi kidogo, akasimama pembeni.

"Rimu hii ilikuwa kwenye gari la mume wangu siku aliyokufa. Alama hiyo ni ya nani?"

Watu walitazama rimu, kisha geti, kisha wakatazama chini.

"Alichomelea yeye!" akasema Magidu. "Mimi nilimpa nzima, akaja akachomelea mwenyewe."

"Alama iko juu ya mshipa, Hajji. Haiko chini yake. Nani anapiga muhuri barua ambayo haijaandikwa?"

Mzee Fadhul akasogea, akainama kwa shida, akaweka kidole gumba juu ya zile nukta tatu. Alipoinuka alionekana mzee kuliko alivyokuwa alipoinama, na hakumtazama Habibah usoni.

"Nilikulazimisha kumshika mkono," alisema.

"Ulinilazimisha, Mzee."

"Hajati, dada yangu," Magidu alianza, jasho linamtiririka, mkono ameunyosha. "Tuongee kando, sisi ni watu wa dini..."

"Mkono huo nilishaushika," alisema Habibah. "Ulinitosha."

Watu wakapisha njia. Rashida alikuwa anakuja kutoka getini, polepole, kitambaa kimeanguka. Akaichukua spana kutoka mkononi mwa Magidu, naye akaiachia kama mtoto. Wanaume wakarudi nyuma. Kila mtu alijua spana ile inakwenda kichwani, na sidhani kama kuna ambaye angemzuia. Rashida akaigonga rimu. Dup. Akatega sikio, kama aliyeambiwa kuna mtu ndani. Akagonga tena.

"Mara moja," alimwambia Magidu, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ya ugomvi. "Ungegonga mara moja tu."

Magidu akaketi juu ya tairi, tairi lile zuri alilochaguliwa, akaficha uso.

Mzee Fadhul alitoa amri mbili palepale. Rimu ile ining'inizwe getini kwa Magidu, na spana kando yake, na asiishushe mtu maadamu mzee mwenyewe yu hai; kila mteja agonge kabla hajaingia. Na Ijumaa, Magidu aende Jinja, asimame msikitini baada ya sala, alitengue lile alilolisema juu ya Wahab kwa kinywa kile kile. Habibah hakushukuru. Akazipakia rimu zake nne nzima kwenye pikapu, na matairi, na tyubu. Landrova ya kijani ikabaki juu ya mawe, na nje barabarani honi za magari ya zamani zilikuwa zinapita kuelekea mlimani.

Safari hii Rashida hakukaa mbele. Alipanda nyuma, akaketi juu ya rimu, goti karibu na goti la Habibah. Walikuwa wameshauacha mji alipofungua mdomo.

"Na asingegonga, Habibah?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lake kwenye sauti hiyo tangu msiba. Habibah akatafuta uongo wa kumpa, akakosa.

"Angepanda nayo," alisema. "Nilikuwa karibu sana kunyamaza."

Rashida aliitazama barabara inavyorudi nyuma. Kisha akaushika mkono wa Habibah, akauweka mapajani mwake.

"Na mimi, ningejua, ningekaa chini nitazame," alisema.